Vibao Vilivyododa: THQ na Kiburi cha Wakubwa

Mapema mwaka 2012, kampuni ya Kimarekani ya kuchapisha gemu, yaani kuzigharamia na kuziuza, iitwayo THQ ilibaki na vibao vya plastiki takriban milioni 1.4 ambavyo hakuna aliyevitaka. Kibao kiliitwa uDraw. Kilikuwa na kalamu iliyofungwa kwa waya, na kazi yake kubwa ilikuwa moja: mtoto achore juu ya kibao, mchoro utokee kwenye televisheni. Chenyewe hakikuwa na kioo cha kuonyesha chochote. Mkono unachora hapa, macho yanatazama kule. Dukani kiliuzwa karibu dola 80 pamoja na gemu yake ya kuchora, na sikukuu za mwisho wa mwaka zilipokwisha, THQ ikalazimika kuwaeleza wawekezaji kwamba kibao hicho peke yake kimeifanya ikose takriban dola milioni 100 za mapato iliyokuwa imeyatarajia. Haikumaliza mwaka huo kabla ya kwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika.

Nimeifuatilia habari hii kwa miaka, na si kwa sababu ya kibao. Ni kwa sababu ya Company of Heroes. Hiyo ni gemu ya mkakati ya mwaka 2006, imewekwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nayo ilitengenezwa na studio ya Relic ya Vancouver, Kanada, iliyokuwa mali ya THQ. Ndani yake askari akirushiwa risasi anajibanza nyuma ya ukuta bila kuambiwa. Kifaru kikipita, ukuta unabomoka, na yule askari anabaki hana pa kujificha. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Wakati ule lilinifanya nirudie pambano lilelile nikitazama tu jinsi kijiji kinavyobadilika kuwa kifusi, na jinsi kifusi hichohicho kinavyogeuka kuwa kinga mpya. Watu waliokuwa na akili ya kutengeneza kitu kama kile walilipwa mshahara na kampuni ileile iliyoagiza vibao. Hilo ndilo lililonikereketa, na bado linanikereketa. Kampuni haikukosa wajuzi. Iliwajaza ndani ya nyumba, kisha maamuzi makubwa yakafanywa kana kwamba hawapo.

THQ haikuanza na makuu. Jack Friedman aliianzisha mwaka 1990 akitokea kwenye biashara ya midoli, na kwa muda mrefu riziki yake ilikuwa leseni, yaani ruhusa ya kutumia majina ya wengine kwenye gemu: mieleka ya WWE, SpongeBob na wenzake wa Nickelodeon, filamu za Pixar. Brian Farrell, aliyeingia kupitia upande wa fedha, akawa mtendaji mkuu mwaka 1995 na akakaa hapo karibu hadi mwisho. Wapenzi wa gemu walizidharau zile gemu za katuni, lakini mimi sioni aibu yoyote katika biashara hiyo. Mtoto anampenda mhusika, mzazi ananunua, mhusika anaonekana kama anavyotakiwa kuonekana, kila mtu anapata alichokitaka. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2008 mauzo yalipita dola bilioni 1. Mwaka uliofuata kampuni ikapata hasara ya dola milioni 431.

Hasara ya namna hiyo humfanya mtu mwenye busara akae chini aulize maswali. THQ iliuliza nusu ya maswali. Ilitambua, na ilikuwa sahihi, kwamba gemu za leseni za watoto zinakwisha nguvu, maana watoto walikuwa wanahamia kwenye simu za wazazi wao. Ikaamua kuwafuata wachezaji wakubwa, wale wa gemu za risasi na mikakati. Upande huo akakabidhiwa Danny Bilson, mwandishi wa filamu na televisheni kutoka Hollywood, naye akaja na maono mapana: gemu isiwe gemu tu, iwe pia riwaya, iwe pia filamu ya televisheni, kila kimoja kikitangaza kingine. Red Faction ilitengenezewa filamu iliyorushwa kwenye chaneli ya Syfy mwaka 2011. Gemu yenyewe iliyotoka mwaka huohuo, Red Faction: Armageddon, haikuuza.

Ila kabla ya hapo, Novemba 2010, bahati iliwaangukia. Kibao cha uDraw kwa ajili ya Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, kilitoka na kikauzwa zaidi ya milioni moja. Tazama ni kwa nini kiliuzwa. Wii ilikuwa mashine ya familia. Iliwekwa sebuleni, bibi aliichezea, mtoto wa miaka sita aliichezea. Kibao kilikuwa na nafasi ya kuchomeka rimoti ya Wii yenyewe, kwa hiyo kilionekana kama kiungo halali cha mashine ile. Bei ilikuwa dola 70 na msimu ulikuwa wa zawadi. Mzazi aliyekuwa akitafuta kitu kisicho na damu wala bunduki alikiona, akakichukua. Mafanikio yale yalikuwa ya kweli na sitayabeza.

Sasa angalia uamuzi uliofuata. Novemba 2011 THQ ikaleta kibao kilekile kwa Xbox 360 na PlayStation 3. Waliokuwa na mashine hizo wengi wao walikuwa vijana na watu wazima wanaopigana vita mtandaoni usiku kucha. Familia zenye watoto wadogo, zile zilizotaka kibao cha kuchorea, zilikuwa na Wii, na nyingi zilikuwa zimeshakinunua mwaka mmoja nyuma. Tayari iPad ilikuwa sokoni tangu 2010, na mtoto aliweza kuchora kwa kidole akaona rangi inatokea palepale alipogusa. Tena Juni 2011, miezi mitano tu kabla, Nintendo ilikuwa imesimama mbele ya dunia nzima ikaonyesha Wii U, mashine yenye kishikio chenye kioo chake na kalamu yake. Hata kama mipango ya kiwandani ilikuwa imeshaanza, muda wa kupunguza oda ulikuwepo, na ishara zilikuwa wazi kama mchana. Oda haikupunguzwa kiasi cha kuokoa chochote.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka mmoja wa sifa ulitosha. Kibao kiliuzwa kwa sababu ya mashine kilichokaa juu yake, kwa sababu ya msimu, kwa sababu ya bei, na wakubwa wakahitimisha kwamba kimeuzwa kwa sababu wao wanaijua biashara. Kiburi ninachokizungumzia ni hiki, na wala hakihitaji mtu wa kufokafoka au wa kupiga meza. Mtu mpole kabisa anaweza kuwa nacho. Anabahatisha mara moja, anadhani amejua, na kuanzia hapo kila anayemletea wasiwasi anaonekana mwoga au mtu asiyeelewa picha kubwa.

Nimekionja kiburi hiki kwa karibu. Niliwahi kufanya kazi ya kupima gemu kwa mchapishaji mmoja ambaye simtaji. Kazi ya mpimaji ni kucheza sehemu moja mpaka uichukie, kisha kuandika: hapa mchezaji anakwama, hapa kamera inaingia ndani ya ukuta, hapa mtu akibonyeza haraka gemu inazima. Kulikuwa na hatua moja ya mwanzo ambayo karibu kila mgeni tuliyemwekea alishindwa kuelewa afanye nini. Tuliandika. Tukaandika tena tukiambatanisha video za watu wakizungukazunguka chumba kilekile huku nyuso zimekunjamana. Jibu lililorudi kutoka juu lilikuwa neno moja: "Watazoea." Aliyelituma hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kusimamia gemu moja iliyouza vizuri, na tangu siku hiyo alikuwa haulizwi swali. Gemu ilitoka na hatua ile ikiwa vilevile, na malalamiko ya wanunuzi yalikuwa yaleyale tuliyoyaandika, baadhi karibu kwa maneno yetu.

Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko THQ. Ulikuwepo tangu siku za mwanzo kabisa za biashara hii, na aliyeuonyesha vizuri zaidi ni Ray Kassar, aliyeletwa kuiongoza Atari, kampuni ya mashine za gemu, akitokea kampuni ya nguo ya Burlington. Mwaka 1979 idara ya masoko ya Atari ilisambaza karatasi ya mauzo ikionyesha gemu zipi zinafanya vizuri. David Crane, mmoja wa waandishi wa programu pale, amesimulia mara nyingi kilichotokea: yeye na wenzake watatu, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, walipiga hesabu wakaona kwamba gemu walizoandika wao wanne zimeleta karibu asilimia 60 ya mapato yote ya kaseti. Walikuwa wanalipwa mshahara wa kawaida wa mhandisi, na majina yao hayakuandikwa popote kwenye boksi. Wakaenda kwa Kassar kuomba kutambuliwa na kupewa sehemu kidogo ya faida. Kwa masimulizi ya Crane, Kassar aliwajibu kwamba wao si wa maana zaidi ya watu wa kiwandani wanaounganisha zile kaseti.

Wakaondoka wote wanne, na mwaka huohuo wakaanzisha Activision, kampuni ya kwanza ya kuandika gemu za mashine ya mtu mwingine. Crane baadaye akatengeneza Pitfall!, moja ya gemu zilizouzwa sana kwenye mashine hiyohiyo ya Atari. Kufika 1983 Atari ilikuwa imepoteza zaidi ya dola milioni 500 ndani ya mwaka mmoja, na Septemba ya mwaka huo malori yakamwaga kaseti zilizododa katika dampo la Alamogordo, jangwani New Mexico. Zilichimbuliwa Aprili 2014, nyingine zikiwa bado zinasomeka. Watu hupenda kuilaumu E.T., gemu iliyoandikwa na Howard Scott Warshaw peke yake kwa takriban wiki tano. Lawama hiyo inanichosha. Warshaw alifanya alichoweza ndani ya muda aliopewa. Waulizwe walioona kuwa wiki tano zinatosha, kisha wakaagiza mamilioni ya nakala.

Nirudi THQ, maana kibao hakikuwa kosa la peke yake. Machi 2011 ilitoka Homefront, gemu ya risasi kuhusu Marekani iliyovamiwa na Korea Kaskazini. Ilitengenezwa na studio ya Kaos ya New York, na THQ ilitaka iwe ndiyo gemu ya kuiingiza kwenye meza moja na Call of Duty, jitu la gemu za risasi. Matangazo yake yalikuwa makubwa kuliko gemu. Katika shughuli moja ya kuitangaza huko San Francisco, maputo mekundu 10,000 yalirushwa angani, mvua ikayashusha, mengi yakaishia majini kwenye ghuba, na habari ya siku ikawa uchafuzi badala ya gemu. Kisha tathmini za wahakiki zikatoka. Wengi walisema ni gemu ya kawaida, yenye hadithi inayokwisha ndani ya saa chache. Siku hiyohiyo hisa za THQ zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 20.

Homefront haikuwa mbovu. Sehemu yake ya kupigana mtandaoni ilikuwa na mawazo mazuri, na nakala zilizopelekwa madukani zilizidi milioni mbili. Kwa studio ya ukubwa ule, hayo yalikuwa mafanikio ya wastani ambayo mchapishaji mwenye subira angeyajenga. Ila iliuzwa kwa wawekezaji kama mshindani wa jitu, na ukijilinganisha na jitu, wastani unakuwa aibu. Juni 2011, miezi mitatu baada ya gemu kutoka, studio ya Kaos ikafungwa. Watu waliokuwa wameshajifunza, kwa jasho, namna ya kutengeneza gemu ya aina ile wakamwaga unga, na gemu ya pili akapewa Crytek aanze upya.

Kulikuwa pia na mpango wa gemu ya mtandaoni ya wachezaji maelfu katika ulimwengu wa Warhammer 40,000. Studio ya Vigil ya Austin, Texas, iliifanyia kazi kwa miaka, katika zama ambazo kampuni zenye fedha mara kumi zilikuwa zinavunjika meno zikijaribu kumng'oa World of Warcraft, jitu la gemu za aina hiyo. Machi 2012 ikatangazwa kwamba haitakuwa tena ya maelfu, na zaidi ya watu 100 wakapunguzwa Vigil na Relic. Baadaye ikapotea kabisa. Sina la kuongeza.

Nataka kukaa zaidi kwenye habari ya Kyiv, kwa kuwa ndiyo inayonionyesha kwa ukaribu umbali uliokuwepo kati ya waliokuwa wakiamua na waliokuwa wakitengeneza.

Jason Rubin, mmoja wa waanzilishi wa studio ya gemu ya Naughty Dog, aliletwa THQ Mei 2012 kuwa rais wa kampuni, wakati maji yameshafika shingoni na Bilson ameondoka. Akaenda kuwatembelea watu wa 4A Games nchini Ukraine, waliokuwa wakitengeneza Metro: Last Light. Mwaka uliofuata, THQ ikiwa imeshakufa, akaeleza hadharani alichokiona. Watu walikuwa wamebanana viwiko kwa viwiko kwenye meza za kukunja, wamekalia viti vya kukunja vya aina inayotumika kwenye sherehe za harusi. Umeme ulikatika mara kwa mara. Wakati wa baridi kali waliandika programu wakiwa wamevaa makoti mazito. Wakihitaji kompyuta nzuri au mashine maalumu ya kutengenezea gemu, mtu wao alisafiri mpaka Marekani akairudisha ndani ya begi la mgongoni, kwa kuhofia kuporwa forodhani. Bajeti yao nzima, kwa maelezo yake, ilikuwa kama asilimia 10 ya bajeti za washindani wao wakubwa.

Rubin alitaka kuwanunulia viti vya heshima. Viti hivyo havikuuzwa Ukraine, ikabidi vifikiriwe kupakiwa kwenye lori kutoka Poland. Gharama ingepanda mara tatu, lakini hilo silo lililokwamisha. Viti vizuri ni vipana. Vikiwekwa, watu hawataenea chumbani, na watu wasipoenea itabidi ofisi kubwa zaidi. Wazo likaachwa.

Na watu haohao, kwenye viti hivyohivyo vya harusi, walikuwa wameagizwa na THQ ya zamani waongeze kwenye gemu yao sehemu ya wachezaji wengi mtandaoni na sehemu ya wawili kushirikiana. Metro ni gemu ya mtu mmoja, peke yake, gizani chini ya Moscow, anahesabu risasi na kusikiliza kichujio cha barakoa yake kinavyokwisha. Nguvu yake yote imo kwenye upweke ule. Lakini mahali fulani palikuwa na karatasi iliyosema gemu za kisasa lazima ziwe na sehemu ya wachezaji wengi, na karatasi ile ikawa na sauti kubwa kuliko watu walioitengeneza Metro 2033, gemu iliyotangulia. Rubin alipokuja agizo hilo likaondolewa, ila miezi iliyopotea hairudi. Ukitaka kujua kama mchapishaji anaijua kazi yake, usimsikilize akizungumzia maono. Nenda kaangalie anaagiza nini, na anayeagizwa amekalia nini.

Nitakuwa sijatenda haki nisiposema kwamba wakubwa wa THQ hawakuwa wezi. Februari 2012, kampuni ilipowaachisha kazi watu wapatao 240, Farrell alikubali mshahara wake upunguzwe kwa nusu kwa mwaka mzima. Wapo watendaji wengi ambao wangejipa marupurupu siku hiyohiyo. Pia waliinunua Relic, waliilea studio ya Volition mpaka ikatoa Saints Row: The Third mwishoni mwa 2011, gemu ya fujo na furaha isiyo na haya, iliyotoka mwezi uleule wa kibao na kuuza mamilioni. Hapo ndipo moyo wangu unauma zaidi. Studio ilifanya kila kitu sawasawa, ikaleta fedha nyumbani, na fedha zote zikaingia kuziba shimo la plastiki. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 ulifungwa kwa hasara ya karibu dola milioni 240.

Kwa hiyo sijasema uovu, nimesema kiburi, na kwangu kiburi ni kizito vya kutosha. Mwovu unamwona, ukajilinda. Mtu mwema asiyesikia anakuvusha hadi ukingoni huku akikutia moyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Hisa zilikuwa zimeshashuka chini ya dola 1, soko la Nasdaq likaonya kwamba litaiondoa, Julai 2012 kila hisa 10 zikaunganishwa kuwa moja ili bei ipande kwenye karatasi. Tarehe 19 Desemba 2012 THQ ikaomba kinga ya kufilisika huko Delaware, ikiwa na mpango wa kuuzwa yote kwa mpigo kwa kampuni ya uwekezaji ya Clearlake kwa takriban dola milioni 60. Wadai wakakataa, jaji akataka wanunuzi wapewe nafasi ya kununua kipande kimojakimoja, na Januari 2013 ukafanyika mnada.

Orodha ya bei za mnada ule ni waraka ninaoupendekeza kwa kila anayetaka kujua thamani iko wapi katika kampuni ya gemu. Sega iliichukua Relic kwa dola milioni 26.6. Koch Media iliichukua Volition kwa milioni 22.3, na haki za Metro kwa karibu milioni 5.9. Take-Two ililipa karibu milioni 10.9 kwa Evolve, gemu ambayo ilikuwa haijakamilika. Ubisoft ikachukua studio ya Montreal pamoja na gemu ya South Park. Homefront, ile iliyopaswa kuangusha majitu, ikaenda kwa Crytek kwa dola 544,218. Fedha zilifuata watu wanaojua kutengeneza, na kazi walizokuwa nazo mkononi. Vigil peke yake, waliotengeneza Darksiders, hawakupata mnunuzi hata mmoja. Wakafunga virago.

Metro: Last Light ilitoka Mei 2013 chini ya mchapishaji mpya, na wahakiki wakaipenda. Hao ni watu wa viti vya harusi.

Na jina la THQ? Hapa ndipo habari inapopata mkia wake. Kampuni ya Nordic Games, yenye mizizi Sweden, ilinunua mabaki ya mnada mwaka 2013, Darksiders ikiwemo, kwa dola milioni 4.9. Mwaka uliofuata ikanunua na jina lenyewe, na mwaka 2016 ikajiita THQ Nordic. Mwanzoni niliifurahia sana kampuni ile. Ilichukua majina yaliyotupwa, ikayapa bajeti ndogo, ikatengeneza gemu za kiasi kwa watu waliozikumbuka. Ikatajirika. Februari 2018 ikainunua Koch Media, hivyo Volition na Metro zikarudi chini ya dari lenye jina la THQ. Mwaka 2019 kampuni mama ikabadili jina ikawa Embracer Group, na kuanzia hapo ikawa inanunua tu: Gearbox, wachapishaji wa michezo ya mezani Asmodee kwa euro bilioni 2.75, kisha Crystal Dynamics na Eidos-Montréal kwa dola milioni 300. Ikafikisha studio zaidi ya 100 na wafanyakazi zaidi ya 15,000.

Mei 2023 ikatangaza kwamba makubaliano yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2, ambayo mipango yake ya fedha iliyategemea, yamevunjika. Yalikuwa ya mdomo, hayakuwa yametiwa saini. Hisa zikaanguka kwa takriban asilimia 40 siku hiyo. Nilisoma tangazo lile nikafikiria vibao: mtu amefanikiwa kwa kununua vitu vidogo kwa bei ndogo, akahitimisha kwamba amejaliwa kipaji cha kununua.

Tarehe 31 Agosti 2023 Volition ikafungwa, na kufungwa kukaanza siku hiyohiyo. Ilikuwa na miaka 30 ukihesabu tangu ilipoanza kama Parallax mwaka 1993. Saints Row mpya ya 2022 haikuwa imefanya vizuri, hilo ni kweli na wachezaji walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini studio ile iliwahi kuvuka kufilisika kwa mchapishaji wake, ikauzwa mnadani kama ng'ombe, ikaendelea kufanya kazi. Safari hii haikupigwa mnada. Relic walipata njia nyingine: Machi 2024 Sega iliwaachia, wakasimama wenyewe kwa msaada wa mwekezaji kutoka nje, baada ya kupunguza watu wengi. Bado wanatengeneza gemu za mkakati. Company of Heroes ya tatu ninayo, na kuta zake bado zinabomoka vizuri.